Kibanja na Majina Yake: Kanisa na Ujuzi wa Mimea katika Buhaya

Makala hii imetokana na ibada ya mazishi. Tuliitwa kumzika mama mzee, mjane, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Muleba. Wazee wa ukoo walikubaliana kwamba kaburi lichimbwe karibu na shina la entobe, upande alikolala mumewe. Mrithi, kijana aliyefika kutoka Mwanza siku mbili kabla, alichukua jembe, akaingia kibanjani, kisha akasimama. Hakujua entobe ni mgomba upi. Mwenzake alipomwuliza kwa mzaha migomba hiyo yote inayomzunguka inaitwaje, alijibu kwa sauti ya chini: "Ni ya kienyeji." Mama jirani akaja, akamshika mkono, akamwonyesha. Mazishi yakaendelea.

Neno lile, "ya kienyeji," halikututoka moyoni. Bibi yake kijana yule asingeweza kulitumia, kwa kuwa kwake hapakuwa na migomba ya kienyeji; palikuwa na entobe, enshakala, enyoya, enchoncho, embwailuma, na palikuwa na embile ya kukamua pombe na enkonjwa ya kuchoma. Kila mmoja ulikuwa na mahali pake, chakula chake, mgeni wake, na mara nyingi mtu aliyeutoa. Katika kizazi kimoja na nusu orodha hiyo imefupishwa ikawa maneno mawili. Katika kurasa hizi tunakusudia kuuliza jambo hilo limetokeaje, na Kanisa letu lilikuwa wapi lilipokuwa likitokea. Hatuandiki kama mabwana shamba. Tunaandika kama wachungaji na walimu wa historia ya Kanisa, ambao kwa miaka mingi tumekula ndizi za sadaka bila kuuliza jina la mkungu.

Udongo uliotengenezwa

Yeyote aliyesafiri kutoka Bukoba mjini kwenda Kamachumu ameona nchi mbili. Iko rweya, yaani mbuga ya nyasi fupi na mawe, ambayo hata mbuzi huipitia kwa haraka. Na kiko kijiji chenye giza la migomba, kilichotulia katikati ya rweya kama kisiwa. Mgeni hudhani kwamba wahenga walitafuta mahali penye rutuba wakajenga hapo. Mwaka 1938 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha Amani kule Usambara, alichapisha uchunguzi wake juu ya udongo wa Bukoba, akaonyesha kwamba mambo ni kinyume. Udongo wa kijijini na ule wa rweya asili yake ni moja, nao ni maskini, umeoshwa na mvua ambayo kando ya ziwa hufikia milimita 2,000 kwa mwaka. Tofauti yao imeletwa na mikono ya watu. Vizazi kwa vizazi vilikata nyasi za rweya vikazileta kutandaza chini ya migomba, vikaleta samadi ya ng'ombe, majivu na takataka za jikoni. Rutuba ya Buhaya ni kazi ya mikono iliyolimbikizwa.

Sisi tuliosoma mfano wa mtini katika Luka 13 tunamkumbuka mtunza shamba aliyeomba mwaka mmoja zaidi ili apalilie na kutia samadi. Wahubiri wengi hulipita neno la samadi kana kwamba ni pambo la hadithi. Mkulima wa Ihangiro hawezi kulipita. Kwake samadi ndiyo hoja yenyewe, maana anajua kwamba bila hiyo kibanja hugeuka ekikamba, shamba lililochoka, na ekikamba hurudi kuwa rweya. Kipindupindu cha ng'ombe kilichopita nchi hizi mwanzoni mwa miaka ya 1890 hakikuua mifugo tu. Kilikata mkono uliokuwa ukilisha migomba.

Katika giza hilo mgomba hausimami peke yake. Chini yake kuna maharage na majimbi, viazi vikuu hupanda juu ya miti, kahawa hukaa kivulini, na mitoma, ambayo magome yake yalitoa nguo za mbugu, hushika upepo. Mpakani husimama omulamula. Msomaji asiyejua Kihaya aangalie neno hili. Kuramura ni kuamua shauri, na omulamuzi ni hakimu. Mmea ule wa mpakani wenye majani marefu ulipewa jina la kazi yake, nao ulikubaliwa barazani kuwa shahidi. Nje ya kibanja, huko rweya, wanawake walilima emisiri, mashamba ya muda, wakapanda njugumawe, viazi na mihogo, kisha wakayaacha yapumzike miaka kadhaa.

Mgawanyo huu una maana kubwa kwa hoja yetu. Migomba na kahawa vilihesabiwa kuwa vya mwanamume mwenye kibanja. Lakini mkono ulioshika jembe chini ya migomba hiyo, uliochagua mbegu za maharage na kujua njugumawe zipi zivumilie ukame, ulikuwa wa mwanamke. Miliki ilikaa upande mmoja, na sehemu kubwa ya ujuzi ikakaa upande mwingine.

Mmea usio na mbegu

Mtama na ulezi huwekwa ghalani. Mbegu kavu inaweza kungoja, na tangu mwaka 2008 mataifa yameweka akiba ya mbegu za aina hiyo ndani ya mlima wenye barafu kule Svalbard, Norwei. Ndizi za nyanda zetu hazina mbegu ya kuweka popote. Huendelea kwa chipukizi linalotolewa ubavuni mwa mama na kupandwa mahali pengine. Kwa hiyo mgomba uliopo leo Kanyigo ni mwili ule ule uliohamishwa kutoka shimo hadi shimo kwa mamia ya miaka, bila kukatika hata mara moja. Ukikatika, umekwisha. Iko hazina ya kimataifa ya migomba huko Leuven, Ubelgiji, iliyoanzishwa mwaka 1985, inayotunza aina zaidi ya 1,500 katika vichupa na katika baridi kali, nasi tunashukuru kwamba ipo. Hata hivyo kichupa hakijui entobe hupikwaje wala ni nani aliyempa nani.

Ndizi si mmea wa asili wa Afrika. Ilitoka Asia kupitia Bahari ya Hindi, na wanahistoria wa lugha, akiwemo David Schoenbrun katika kitabu chake cha mwaka 1998, wamefuatilia maneno ya kilimo cha ndizi katika lugha za Maziwa Makuu ili kuona jinsi ilivyopata kuwa uti wa mgongo wa maisha yetu. Mtafiti wa Uganda, Deborah Karamura, mwaka 1998 alizipanga ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki katika makundi 5 yenye aina zaidi ya 80. Ndipo likatokea jambo la kushangaza. Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2016 na Mercy Kitavi na wenzake ulionyesha kwamba aina hizo zote zinakaribiana mno, kana kwamba zimetokana na mama mmoja. Tofauti tunazoziona zilitokana na mabadiliko madogo yaliyojitokeza shambani: mkungu ulioinama zaidi, ganda lililopauka, utamu ulioongezeka kidogo.

Ni nani aliyeyaona mabadiliko hayo madogo? Ni mtu aliyekuwa akipita kibanjani kila asubuhi, akaona chipukizi moja halifanani na mama yake, akaliacha likue badala ya kuling'oa, akalionja, akalipa jina, kisha akampa jirani. Bila jicho hilo na bila jina hilo, tofauti ingepotea palepale ilipotokea. Tunapenda wanafunzi wetu wa Agano la Kale walitafakari hili wanaposoma Mwanzo 2, ambapo mwanadamu anawekwa bustanini ailime na kuitunza, na mara baada ya hapo analetewa viumbe ili avipe majina. Katika madarasa yetu kazi hizi mbili hufundishwa kama mada mbili, moja ya kazi na nyingine ya mamlaka. Kibanjani ni kazi moja.

Wageni nao walitoa majina. Kituo cha Kijerumani cha Bukoba kilianzishwa na Emin Pasha mwezi Novemba 1890, akiwa pamoja na Franz Stuhlmann, na mti ambao Wahaya waliuita omuhumula umeingia katika vitabu vya sayansi kwa jina la Maesopsis eminii, kwa heshima ya Emin. Hatulalamiki, kwa kuwa sayansi ina desturi zake. Tunasema tu kwamba omuhumula ulikuwa na jina kabla ya kubatizwa.

Kahawa, wakama na wasomaji

Kahawa ya zamani ya Buhaya haikunywewa. Matunda yalichemshwa pamoja na majani ya harufu, yakakaushwa, yakatafunwa, na mgeni alikaribishwa kwayo. Upandaji wake ulikuwa chini ya usimamizi wa wakama. Punje mbili zilizolala ndani ya tunda moja zilitumika katika omukago, undugu wa damu, kila mmoja akimeza punje yenye damu ya mwenzake. Askofu Josiah Kibira, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kiitwacho Church, Clan, and the World, aliuchukulia ukoo na undugu huo kama maswali ya kweli kwa theolojia ya Kanisa, wala hakuyaona kuwa masalio ya kuonewa aibu. Tungependa kazi hiyo isomwe zaidi kuliko inavyosomwa sasa.

Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, kahawa ya Bukoba ilipata njia ya kwenda kuuzwa ng'ambo kwa meli za ziwa. Residenti wa Kijerumani Willibald von Stuemer aliwahimiza wakama wapandishe watu wao kahawa, na kilichokuwa tunda la heshima kikawa fedha ya kodi, ya bati na ya karo. Kanisa lilikuwa ndani ya mabadiliko haya. Mapadre Weupe walikuwa Kashozi tangu 1892, nao walileta kahawa ya arabika. Upande wetu Walutheri, wasomaji wa kwanza, akiwemo Andrea Kajerero, walilipokea Neno kupitia Biblia ya Kiganda kabla Ernst Johanssen wa Misioni ya Betheli hajafika mwaka 1910. Bengt Sundkler, askofu wetu wa kwanza, ameieleza habari hiyo katika Bara Bukoba. Shule na makanisa yaliyofuata yalijengwa kwa sehemu kubwa kwa kahawa. Mwalimu wa kijiji alihesabika kuwa mtu wa maendeleo akiwa na kahawa safi iliyopangwa kwa mistari.

Haikuwa safari ya amani wakati wote. Mwaka 1937 kanuni za serikali ya Kiingereza juu ya utunzaji wa kahawa zilizua ghasia katika Buhaya, kwa kuwa watu waliona kwamba afisa anaingia kibanjani na kuamuru. Anayetaka kuelewa hasira ile asome habari za Nabothi katika 1 Wafalme 21. Ahabu alimwahidi shamba lililo bora au fedha, na kwa hesabu za soko ahadi ile haikuwa mbaya. Nabothi alikataa kwa sababu shamba lake lilikuwa urithi wa baba zake. Kibanja kina makaburi ndani yake.

Ni lazima tuseme pia kwamba wakama wenyewe walikuwa na Uahabu wao. Chini ya nyarubanja, familia nyingi ziliamka na kujikuta wapangaji katika ardhi waliyoirutubisha wenyewe, mpaka sheria ya mwaka 1965 na marekebisho ya 1968 yalipouondoa utaratibu huo. Tusiipambe jana.

Dawa na woga wetu

Hapa tunafika mahali panapotugusa sisi wenyewe. Ujuzi wa mimea katika Buhaya haukuwa wa chakula tu. Omubilizi, kwa mfano, ule wa majani machungu unaopandwa karibu na nyumba, kila mama aliujua kwa homa na kwa tumbo. Mwaka 1989 Michael Huffman na Mohamedi Seifu walichapisha waliyoyaona katika milima ya Mahale, mkoani Kigoma: sokwe mgonjwa akitafuna ute wa ndani wa mmea huo huo na kupata nafuu. Seifu alikuwa Mtanzania aliyeijua dawa hiyo kwa malezi ya kwao, na bila yeye huenda mgeni angeona mnyama anakula majani tu.

Uamsho ulipoingia Bukoba kutoka Rwanda na Uganda, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, waliookoka walitupa hirizi na kuachana na waganga. Hatutaki kuudharau ushuhuda ule. Watu waliwekwa huru kutoka katika woga halisi, na babu zetu wengine walikuwa miongoni mwao. Lakini katika sharika nyingi mstari haukuchorwa kati ya kupiga ramli na kuchuma jani. Mama aliyechemsha mizizi kwa ajili ya mjukuu aliangaliwa kwa jicho lile lile la mpiga bao. Matokeo yake ni kwamba ujuzi haukufa mara moja, ulinyamaza. Ulifanywa jioni, bila kuelezwa, na mtoto aliyetumwa kuchuma hakuambiwa jina. Jambo linalofanyika bila kutajwa halipiti zaidi ya mtu mmoja.

Ni vema kukiri kwamba walioanza kuyaandika mambo haya kwa utaratibu hawakuwa wanatheolojia. Mainen Moshi wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzake walikwenda Bugabo, Katoro na Kikuku, na kati ya mwaka 2009 na 2012 walichapisha taarifa tatu juu ya mimea ya dawa ya Wahaya. Waliwauliza waganga na wazee, wakachukua sampuli, wakaandika majina ya Kihaya pamoja na ya Kilatini. Sulemani, tunaambiwa katika 1 Wafalme 4, alinena juu ya miti kuanzia mwerezi mpaka hisopo. Hisopo ni mmea mdogo wa ukutani. Mwandishi wa Wafalme aliuhesabu kuwa sehemu ya hekima. Sisi katika mitaala yetu hatukuuhesabu.

Kizazi kilichokatika

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Sisi tuliozaliwa karibu na miaka ile tulikua tukidhani kwamba ni kawaida nyumba kuwa na bibi na watoto tu. Wenye umri wa kuzaa, wa kulima, wa kufundisha, waliondoka kwa pamoja. Dayosisi yetu ya Kaskazini Magharibi ilianzisha Huduma ya Watoto, HUYAWA, na wengi wetu tusingalisoma bila hiyo.

Gabriel Rugalema, katika tasnifu yake ya mwaka 1999 juu ya kijiji kimoja cha Buhaya, alieleza jinsi ugonjwa na vifo vilivyokula nguvu za nyumba: siku zilizotumika kuuguza na kuomboleza, ng'ombe waliouzwa, kibanja kilichobaki bila kutandazwa nyasi. Kwetu la muhimu zaidi ni hili. Ujuzi wa kibanja hupitishwa kwa kutembea pamoja. Mtoto humfuata mama akipalilia, husikia "hii usiikate, ni ya baba yako mkubwa," na baada ya miaka kumi anajua bila kujua alijifunza lini. Baba na mama wakifa mtoto akiwa na miaka sita, matembezi hayo hayapo. Bibi aweza kuwapo, lakini bibi mwenye wajukuu saba hana asubuhi ya kutembea; ana asubuhi ya kutafuta chakula.

Na pale ambapo mama alibaki, mara nyingi hakuachwa abaki. Mila zilizoandikwa na Hans Cory na M. M. Hartnoll mwaka 1945 zilimpa mjane nafasi finyu katika kibanja cha ukoo. Sote tumeona mjane akirudishwa kwao na virago vyake, wakati shemeji aliyeishi mjini miaka ishirini akikabidhiwa migomba asiyoijua. Alipotoka, mbegu zake za maharage zilitoka katika kibuyu chake, na majina yakatoka kichwani mwake. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza, katika shauri lililotoka mkoani kwetu juu ya mwanamke aliyeuza ardhi ya ukoo aliyorithi, aliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume juu ya ardhi aliyoirithi. Hukumu hiyo husomwa katika vyuo vya sheria. Hatukumbuki kuisikia ikitajwa mimbarini, nasi tumekuwa mimbarini muda mrefu.

Tulipoandika orodha za yatima katika sharika tuliandika sare, madaftari na magodoro. Hakuna aliyefikiri kuandika ni mzee gani aliyebaki anayekijua kibanja cha watoto wale. Tunalisema hili juu yetu sisi wenyewe.

Migomba migeni, na mnyauko

Tangu miaka ya 1970 mavuno yalikuwa yakishuka: fukusi waliotoboa mashina, minyoo ya mizizi, udongo uliokosa samadi. Mwaka 1997 mradi wa maendeleo wa Kagera, ukisaidiwa na Ubelgiji, ulianza kuleta aina mpya, miongoni mwao FHIA-17 na FHIA-23 kutoka Honduras na Yangambi Km5, zilizovumilia maradhi na kutoa mikungu mikubwa. Miche ilienea kwa kasi. Wazee walilalamika kwamba haiivi vizuri chunguni na kwamba ni maji matupu mdomoni, lakini waliipanda, waliiuza mbivu na waliikamua. Mwenye watoto wanaolala njaa hatamwuliza mgomba ukoo wake. Kwa maoni yetu wanaolaumu miche ile hawakuwapo katika nyumba zile. Kosa, ikiwa lipo, ni kwamba mara nyingi shimo la mgeni lilichimbwa pale aliposimama mwenyeji, na hakuna aliyeandika ni mwenyeji gani.

Kisha ulikuja mnyauko wa bakteria. Ulijulikana Ethiopia tangu 1968, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ulithibitishwa katika Wilaya ya Muleba. Majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, shina likikatwa linatoa usaha wa njano. Wadudu huuchukua kutoka katika ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu. Panga huuchukua kutoka shina hadi shina. Na chipukizi huuchukua kutoka nyumba hadi nyumba. Hakuna hata aina moja ya ndizi zetu za kupika yenye kinga kamili. Jamaa yule mwenye mama mmoja, aliyetupa utajiri wa ladha, alikuwa uchi mbele ya adui mmoja.

Walioishi Muleba wakati ule watakumbuka maagizo: ng'oa, katakata, fukia, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda wala si kwa panga, choma panga motoni kabla ya kugusa shina jingine, usipokee chipukizi kwa mtu. Yalikuwa maagizo sahihi, nasi tuliyatangaza kanisani baada ya mahubiri. Hata hivyo agizo la mwisho lilikuwa zito kuliko lilivyosikika. Kupeana chipukizi ndiyo ilikuwa maktaba yetu. Binti aliyeolewa alipokea machipukizi kutoka kwa mama yake; jirani aliyepungukiwa alipewa bila kulipa; na kila chipukizi lilikuja na jina na maelezo yake. Kwa miaka kadhaa jambo la upendo likawa jambo la hatari, na kukataa kupokea kukawa ndiyo hekima. Mzee mmoja wa kanisa alituuliza baada ya tangazo: "Mchungaji, basi tusaidianeje?" Tulimjibu kwa habari za jiki na moto. Hakuwa ameuliza hilo.

Kituo cha utafiti cha Maruku kimeendelea kufanya kazi ambayo Kanisa halikuifanya, na mwaka 2021 aina nne mpya za ndizi za kupika zilizopewa jina la TARIBAN ziliidhinishwa nchini. Ni machotara waliozalishwa kutokana na ndizi hizi hizi za nyanda zetu, na ladha yao imezingatiwa zaidi kuliko ile ya wageni wa 1997. Ili chotara apatikane, ilibidi mtu awe amemtunza mzazi. Hakuna maabara iwezayo kuzalisha kutoka katika mgomba uliokwisha kung'olewa na kusahauliwa.

Daftari

Wanafunzi wetu huuliza, na wana haki ya kuuliza, kama haya ni kazi ya mchungaji. Sisi tulianza kwa jambo dogo. Katika usharika tunaoutumikia wakati wa likizo, sadaka za mazao hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada, kama ilivyo desturi yetu. Mnadi alikuwa akiita, "Mkungu, elfu tano, nani aongeze?" Tulimwomba kabla ya bei atangaze jina la ndizi, na kama aliyeitoa anajua, aseme aliipata kwa nani. Mwanzoni watu walicheka. Jumapili ya tatu akina mama walianza kusahihishana kwa sauti, na mnada ukachelewa hata mzee wa kanisa akanung'unika. Watoto wa kipaimara waliagizwa kuandika majina katika daftari, pamoja na jina la nyumba ambako mgomba umesimama, na kwenda kuutazama na mtu mzima mmoja wa nyumba hiyo.

Kijana yule wa mazishi hakurudi Mwanza. Alikuja mwenyewe na kurasa zake, zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi, nyingine kwa msaada wa mama yule jirani. Amechora ramani ya kibanja: kaburi la babu, la bibi, entobe katikati yao, omulamula minne mpakani. Pembeni ameandika majina matano ambayo mama yule aliyakumbuka kutoka midomoni mwa wakwe zake. Mawili wameyapata yakiwa hai, moja nyuma ya jiko la jirani na jingine katika ekikamba kilichoachwa tangu mwenyewe alipofariki. Kwa majina matatu yaliyobaki, mbele ya kila moja ameacha mstari mtupu, naye bado anatembea nyumba kwa nyumba akiuliza.